Nyumba Ifuate Saa ya Ziwa: Mwongozo kwa Anayehamia Kibirizi

Umepata nyumba Kibirizi, mjini Kigoma. Pengine ni vyumba viwili vya matofali ya kuchoma vyenye bati juu, pengine ni chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji sita wanaotumia ua mmoja. Umelipa kodi, umepewa ufunguo, bajaji imeshusha godoro, ndoo na masanduku mlangoni, imeondoka. Jioni hiyo ya kwanza unakaa juu ya sanduku, unasikia sauti za watu usiowajua nje ya dirisha, na moyo unakuambia kwamba ulichopata ni nyumba, nyumbani bado.

Mwongozo huu ni wa kukutoa hapo. Umeandikwa kwa mwalimu aliyehamishwa, kwa mfanyabiashara aliyekuja kununua dagaa akaona bora abaki, kwa vijana waliooana juzi wakatoka kwa wazazi mitaa ya Gungu au Mwanga, na kwa familia iliyovuka ziwa. Haukudai fedha nyingi. Unakudai ukubali jambo moja: Kibirizi saa ya nyumba haiko ukutani, iko ziwani. Ziwa ndilo linalosema watu waamke lini, wale nini, walale lini, na wageni waingie siku gani. Nyumba inayofuata saa hiyo huwa nyumbani upesi. Inayoshindana nayo hubaki mahali pa kulala tu, hata ijae makochi.

Kabla ya kulipa, uliza maji yalifika wapi

Kibirizi iko kaskazini mwa bandari ya Kigoma, katikati ya maji na vilima. Kila mtu anataka kukaa karibu na mwalo, pale boti zinapotua, kwa sababu riziki iko pale. Lakini Ziwa Tanganyika halitulii mahali pamoja. Hupokea maji ya mito mingi, Malagarasi na Ruzizi ikiwamo, na huyatoa kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, maji hupanda taratibu, na yakishapanda hayana haraka ya kushuka. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020: ziwa lilipanda, likala fukwe na kuingia katika makazi ya mwambao kwenye nchi zinazolizunguka. Huko nyuma liliwahi kufanya kinyume. Nenda Ujiji uone mnara wa kumbukumbu ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Enzi hizo maji yalikuwa karibu. Leo kutoka mnarani hadi ziwani ni mwendo wa miguu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu kodi ya miezi sita, uliza maswali matatu, na usimwulize dalali. Mwulize jirani, kwa sababu dalali anaondoka na jirani anaishi hapo. La kwanza: ziwa lilipopanda, maji yalifika wapi? Mwenyeji atakuonyesha kwa kidole, na mara nyingi ukuta wenyewe una alama. La pili: mvua ikinyesha vilimani, maji yake yanateremkia wapi? Nyumba iliyo mbali na ziwa yaweza kuwa njiani mwa korongo. La tatu: vichanja vya kuanikia dagaa viko upande gani, na upepo wa jioni unatokea wapi? Harufu ya dagaa ni ya watu wote wa hapa na utaizoea, lakini dirisha la chumba cha mtoto mchanga halifai kutazama moja kwa moja uwanja wa kuanikia.

Kama unataka kujenga, hesabu mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi huiona kama sheria ya kuwanyima watu viwanja. Ukilitazama ziwa linavyopanda, utaona kwamba sheria hiyo inailinda fedha yako.

Ukishaingia, wiki ya kwanza isiishe kabla hujaenda ofisi ya serikali ya mtaa kujitambulisha kwa mwenyekiti na mtendaji. Ni kazi ya dakika chache, na siku ya ugonjwa, wizi au msiba utaona faida yake.

Maji kwanza, vingine baadaye

Nilipohamia, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akanitazama nikipanga vitu, akaniambia, "Mwanangu, weka maji kwanza. Vingine vitakuja vyenyewe." Sijapata ushauri bora kuliko huo. Nyumba yenye maji ya kunywa yaliyotulia, yaliyofunikwa, yanayomngoja yeyote anayeingia, tayari ina mwenyewe.

Nunua mtungi wa udongo. Mtungi hupoza maji bila umeme: maji kidogo hupenya kwenye udongo, hutokea nje na kukauka, na yakikauka huondoka na joto. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi kitu. Ukiwa mpya, ujaze maji, yaache yalale, yamwage asubuhi, na urudie kwa siku tatu nne mpaka ladha ya udongo iishe. Uweke kivulini, mahali upepo unapopita, juu ya mchanga wenye unyevu au kigoda chake. Ufunike. Weka kata au kikombe chenye mkono mrefu ili vidole visiguse maji, na uwaambie watoto kwamba kikombe cha kuchotea si cha kunywea.

Maji yenyewe, hata ya bomba, yachemshe mpaka yatokote kabisa, yaache yaendelee kutokota kwa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ziwa Tanganyika lina maji maangavu, na uangavu huo umewadanganya wengi. Mwezi Mei mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kijiji cha kaskazini ambacho boti za hapa Kibirizi hukiendea, kipindupindu kiliingia kikaua watu na kufika Kigoma mjini. Kila nyumba iliyochemsha maji na kuosha mikono kwa sabuni ilijikinga na kumkinga jirani.

Kwa maji ya kuoga, jihadhari na kichocho, hasa penye majani na konokono. Ukiwa huna bomba na umechota ziwani, chuja maji yasibaki na konokono, yaweke kwenye pipa lenye mfuniko, uyaache siku mbili bila kuyaongeza. Vimelea vya kichocho visivyompata mtu hufa katika muda huo. Hapo maji yanafaa kuoga na kufulia. Ya kunywa bado yachemshwe.

Jifunze giza na mwezi

Hapa ndipo penye roho ya mwongozo wote. Ukilielewa hili, Kibirizi itakupokea.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta vijidudu na dagaa kuja juu, na samaki aina ya migebuka huwafuata dagaa ili wawale. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni juu ya mitumbwi. Zikaja karabai za mafuta ya taa. Leo wengi wanatumia taa za betri na za sola. Lakini kanuni haijabadilika: taa hufanya kazi gizani. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake hutawanyika juu ya maji yote na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi umegawanyika sehemu mbili. Kuna siku za giza, ambazo ni za kazi, na kuna siku za mbalamwezi, ambazo boti hupumzika.

Na nyumba za Kibirizi hugawanyika hivyo hivyo. Wakati wa giza, jioni watu huwa na haraka. Kinachopikwa hupikwa mapema, mvuvi ale kabla hajashuka ziwani. Usiku mitaa huwa mitulivu, na ukisimama mahali pa juu utaona taa nyingi zimejipanga majini kama mji mwingine. Alfajiri ndiyo yenye kelele: boti zinarudi, kina mama wanateremka na mabeseni na ndoo, bei inapigwa, dagaa wanaanza kutandazwa kabla jua halijapanda. Wakati wa mbalamwezi mambo hugeuka. Nyavu hutandazwa kushonwa, mashine hufunguliwa kutengenezwa, madeni hulipwa au hudaiwa, harusi na ngoma hupata wanaume wa kuhudhuria, na watoto hucheza nje mpaka usiku.

Sasa fanya hivi. Tafuta kalenda yenye alama za mwezi uitundike karibu na mlango, au jizoeze kuutazama mwezi wenyewe kila jioni. Panga nyumba yako kwa kalenda hiyo hata kama wewe si mvuvi. Kazi za kelele, kama kupigilia misumari au kupaka rangi na jamaa zako, zifanye siku za mbalamwezi. Siku za giza, mchana, kumbuka kwamba nyuma ya ukuta wako kuna mtu aliyekesha majini anayelala. Punguza redio. Waambie watoto wachezee upande wa pili wa ua. Hakuna atakayekuomba ufanye hivyo, lakini watakaoona watakuhesabu mwenzao.

Weka taa ndogo nje ya mlango. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitegemea majenereta ya mafuta, na watu wa hapa walijifunza kutoutegemea sana. Taa ya sola ya bei nafuu inatosha. Iwashe saa kumi na moja alfajiri, wakati kina mama wanashuka mwaloni na njia ina mawe na mashimo. Taa hiyo inawamulikia wao kuliko inavyokumulikia wewe, na asubuhi moja mmoja wao atasimama kukusalimu.

Ghala la dagaa

Nyumba ya mwambao isiyo na akiba ya dagaa ina wasiwasi ndani yake. Nunua siku za giza, boti zinapojaa, uweke akiba kwa siku za mbalamwezi, bei inapopanda.

Mnunuzi mgeni hutazama wingi. Wewe tazama mambo mengine. Dagaa waliokaushwa juu ya kichanja cha wavu huwa safi, wenye rangi ya fedha, na ukiwashika hawaachi mchanga mkononi. Waliokaushwa chini mchangani huwa rahisi, lakini utalipia mchanga pamoja nao na utawaosha mara nne. Mvunje mmoja: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, ana unyevu na ataota ukungu. Mnuse. Harufu ya samaki ni sawa, harufu ya uchachu si sawa.

Ukinunua wabichi ukaamua kuwaanika mwenyewe, watandaze mapema, tabaka moja, uwageuze. Jua kali la kiangazi, kati ya Juni na Septemba, laweza kuwakausha kwa siku moja. Masika huchukua muda zaidi, na mvua moja ya ghafla huharibu kazi yote, kwa hiyo usianike ukaenda safari. Hapa mtu akiona wingu huanua dagaa wake, kisha huanua wa jirani. Ukiwa nyumbani mvua ikaja, nawe fanya hivyo bila kungoja kuitwa.

Akiba yenyewe iweke kwenye gunia safi au ndoo kavu yenye mfuniko, juu ya ubao, isiguse sakafu wala ukuta. Kila baada ya wiki mbili iteremshe uianike juani. Faida ya akiba ilionekana wazi mwaka 2024, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilipokubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa wanaoishi kwa nyavu. Nyumba iliyokuwa na gunia pembeni ilikula, na ilikuwa na cha kumpa mwenzake.

Harufu ya mawese

Kila mji una harufu inayomwambia mtu kwamba amefika kwao. Ya Kigoma ni mawese yanayopata moto jikoni. Kama umetoka Dodoma au Mwanza, mawese yanaweza kukushinda mwanzoni. Usikate tamaa, na usiyachome mpaka rangi ipotee kama wafanyavyo wengine. Rangi ile nyekundu ndiyo yenye lishe ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukiiunguza umebaki na mafuta matupu.

Chungu cha kwanza katika nyumba mpya kiwe cha dagaa wa mawese. Toa takataka, osha dagaa kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, wachuje. Wakaange kwanza sufuriani bila mafuta mpaka wakauke na kuanza kunukia, waweke pembeni. Yeyusha vijiko vitatu vya mawese kwa moto wa wastani. Tia kitunguu, kikilainika tia nyanya, kisha nyanya chungu zilizokatwa vipande vinne na pilipili nzima isiyopasuliwa. Zikiiva tia dagaa, chumvi na maji kidogo, funika kwa dakika kumi. Malizia kwa ndimu. Sindikiza kwa ugali wa muhogo. Siku nyingine pika sombe, ambayo watu wa pwani huiita kisamvu, nayo pia ipokee mawese. Mlango wa jiko uache wazi. Majirani wakinusa watajua kwamba umeanza kuishi.

Jambo moja la usalama silipitii haraka. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa sababu yoyote, iwe mvua au baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Pikia kibarazani au jikoni penye upenyo, na kabla ya kulala zima makaa kwa mchanga au maji nje ya nyumba.

Pazia, mkeka na kitanda cha mgeni

Watu wengi huanza na makochi kwa sababu makochi huonekana. Mimi nakushauri uanze na pazia la mlango. Nyumba ya Kibirizi yenye mlango uliofungwa mchana hueleweka kuwa haina mtu au haitaki mtu. Pazia hukuruhusu kuacha mlango wazi: upepo wa ziwa unapita, wewe una faragha yako, na anayepiga hodi anajua kwamba kuna wa kuitikia. Kitenge kizuri kinatosha, na Kigoma haina shida ya vitenge, kwa kuwa biashara ya kuvuka ziwa kwenda na kurudi Kongo haikuanza leo. Chagua rangi usiyoichoka, ukunje pindo la chini na kulishonea kipande cha kamba nzito ili upepo usilipeperushe.

Cha pili ni mkeka. Mkeka mmoja hufanya kazi ya samani nne. Asubuhi ni wa kuchambulia mchele, mchana wa mtoto kulala, jioni wa kulia chakula, usiku wa mgeni. Nunua miwili: mmoja wa kila siku na mmoja unaokaa umekunjwa, safi, kwa ajili ya wageni.

Nao watakuja. Boti za abiria huondoka hapa Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, Mtanga, kisha kupita Gombe hadi Mwamgongo na Kagunga mpakani. Huko juu barabara ni shida, na njia ya kweli ni maji. Anayekuja mjini hospitalini, mahakamani, benki au kumtazama mtoto shuleni hufika kwa boti, na boti ikishamwacha hulala mjini. Ukiwa na ndugu, mkwe au rafiki upande ule, nyumba yako ni kituo chake. Usilione jambo hili kama mzigo. Weka tayari mkeka, shuka moja, kanga moja na mswaki mpya. Mgeni anayekuta kitanda chake kimetandikwa kabla hajaomba huondoka akiitangaza nyumba yako njia nzima, na siku wewe ukikwama kaskazini kwa sababu ya mawimbi utalala kwake.

Kitanda chako mwenyewe kiagize kwa fundi seremala badala ya kununua cha haraka. Mkoa una mafundi wazuri wa mninga. Mwambie ainue chaga juu ya sakafu, kwa kuwa wakati wa masika unyevu hupanda na godoro la chini huota ukungu. Chandarua chenye dawa kifungwe usiku wa kwanza kabisa, kabla ya picha ukutani, kabla ya televisheni. Malaria haingoji umalize kupanga vyombo. Makochi yakija baadaye, na vitambaa vyake vya kufuma, yatapata nyumba iliyokwisha kuwa na wenyewe.

Bakuli lisirudi tupu

Kibirizi ni mahali pa watu wengi. Kuna Waha, ambao ndio wengi mkoani, kuna Wamanyema na Wabembe ambao mababu zao walivuka ziwa, kuna Warundi, kuna waliokuja na reli kutoka Tabora wakabaki. Kiswahili kinawaunganisha wote, na ni Kiswahili kilichokomaa. Ujiji kilikuwa kinasemwa tangu enzi za misafara. Lakini jifunze angalau salamu ya Kiha. Asubuhi ukimwambia bibi kizee "Mwakeye", atasimama, atakutazama upya, atakuuliza umetoka wapi. Hapo umeshaanza kuwa na bibi.

Salimia kwanza, anayehamia ndiye anayesalimia. Mkubwa umwamkie "Shikamoo", na usimpite aliyeketi barazani kana kwamba huna muda. Mwite mama wa jirani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Fundi, mzee, shangazi, kaka: tumia majina haya, kwa sababu mtaa hufanywa kwa majina haya.

Siku yoyote jirani atakuletea bakuli lenye kitu: sombe, ndizi za kuchemsha, migebuka miwili. Pokea kwa mikono miwili. Bakuli hilo usilirudishe tupu. Si lazima kiwe kitu kikubwa. Vijiko viwili vya sukari, embe, kahawa kidogo ya Kalinzi vinatosha. Wala usirudishe siku ileile kana kwamba unalipa deni. Subiri kesho au keshokutwa, bakuli lipate kisingizio cha kurudi. Nyumba mbili zikishakuwa na bakuli linalokwenda na kurudi, mtoto wako ana mahali pa kukaa ukichelewa, na wewe una mtu wa kugongea usiku.

Kuna siku nyingine ambazo haziandikwi kwenye kalenda. Ziwa huwa na dhoruba, na kuna alfajiri ambayo boti moja huchelewa. Siku hiyo utaona kina mama wamesimama mwaloni bila kuzungumza. Usiulize maswali mengi. Simama nao. Peleka chupa ya chai. Boti ikirudi, utakuwa umefurahi pamoja na watu wako. Isiporudi, watakuwa wamekuona ulikuwapo. Hakuna pazia wala kochi linaloweza kukupa nafasi hiyo katika mtaa.

Panda kitu, hata kama umepanga

Mpangaji mara nyingi hapandi kwa sababu ardhi si yake. Panda hivyo hivyo. Kwenye makopo ya mafuta yaliyotobolewa chini, panda mrehani karibu na mlango unukie jioni, mchaichai kwa chai, na pilipili mbili. Siku ukihama utabeba makopo yako, au utamwachia anayekuja.

Kama kiwanja ni chako, panda mwembe na mchikichi. Miembe ya Ujiji inayowapa watu kivuli leo, mingi ilipandwa na watu ambao hatujui hata majina yao. Kwa mchikichi, usichukue mbegu iliyoota ovyo chini ya mti wa zamani. Ulizia miche ya Tenera, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, hapa hapa Kigoma, kinaishughulikia. Tenera hutoa mafuta mengi kuliko Dura ya asili, na ikitunzwa huanza kuzaa ikiwa na miaka mitatu hivi. Upande mbali na msingi na mbali na paa.

Ya kufanya wiki hii

Leo funga chandarua na ununue mtungi. Kesho tundika pazia, na uwasalimie majirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele. Keshokutwa pika dagaa wa mawese ukiwa umeacha mlango wa jiko wazi. Kabla ya Jumamosi, fika ofisi ya mtaa. Kila jioni toka nje uutazame mwezi, ujue zimebaki siku ngapi kuingia gizani.

Fanya hayo kwa miezi miwili bila kuruka, vipindi viwili vya giza na viwili vya mbalamwezi. Asubuhi moja jirani atakuuliza, kwa haraka, kana kwamba mmeishi pamoja miaka kumi, kama boti zimerudi. Ukiona unalo jibu, ndugu yangu, umefika nyumbani. Mwitikie, kisha mshuke naye mwaloni.